Acheni faili la asembli lilipo

Juzi nililetewa kiraka, yaani pendekezo la kubadilisha msimbo, nikikague. Kichwa chake kilisema "usafi", na kazi yake ilikuwa moja: kufuta faili zima la vifungashio, yaani fanksheni fupi za kuita haipavaiza (programu inayoendesha mashine pepe, "wageni" wake), mistari sitini na kitu ya asembli (maagizo ya prosesa yaliyoandikwa moja moja) ya prosesa za ARM64, na mahali pake kuweka makro ya C yenye asembli ya ndani kwa ndani. Maelezo yalikuwa mstari mmoja, kwamba msimbo unapungua na tabia haibadiliki. Nilikisoma mara mbili, damu ikanichemka, nikafunga mashine nikatoka kutembea. Si kiraka cha kwanza cha aina hii kunifikia, na kila mara ninaambiwa lilelile: siku hizi kompaila inajua.

Hapana, haijui. Kompaila, yaani programu inayogeuza C kuwa maagizo ya prosesa, inajua unachoiambia, basi. Na kwenye wito wa haipavaiza kuna mambo mengi ambayo watu husahau kuiambia.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa natunza kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ndogo iliyoendeshwa kama mgeni juu ya Xen, haipavaiza mojawapo. Kifungashio chake kilikuwa asembli ya ndani, kizuri ukikitazama: namba ya wito kwenye x16, mojawapo ya rejista, yaani vihifadhi vidogo ndani ya prosesa, hoja kwenye x0 na x1, kisha hvc #0xEA1, agizo la kumwita haipavaiza, na jibu linarudi kwenye x0. Neno volatile lilikuwepo. Ukikompaili kwa -O0, bila kompaila kuboresha msimbo, kila kitu kinakwenda. Ukiweka -O2, kompaila ikiuboresha, Xen inajibu -22, yaani hoja uliyoleta si halali. Nikaongeza mstari wa kuchapisha muundo wa ombi kabla tu ya wito, nione tunatuma nini. Kosa likatoweka. Nikautoa ule mstari, -22 ikarudi. Siku tatu nilizunguka hapo hapo.

Usiku wa tatu nikafungua objdump, zana inayoonyesha maagizo yaliyotoka kwa kompaila, nikasoma agizo moja moja kwa kidole. add x1, sp, #16: anwani ya muundo inaingia x1, sawa. mov ya x16, sawa. hvc, sawa. Nikapanda juu kutafuta maagizo ya str, yale ya kuandika thamani ndani ya muundo wenyewe kule kwenye steki, kumbukumbu ya muda ya fanksheni. Hayakuwepo, hata moja. Kompaila iliona muundo unajazwa, ikaona anwani yake imegeuzwa namba na kutiwa kwenye rejista, ikaona hakuna anayeusoma baada ya hapo, ikafuta kazi yote ya kuujaza. Xen ilikuwa inasoma takataka zilizobaki kwenye steki, na ilikuwa sahihi kuzikataa.

Kompaila nayo haikukosea. Sisi ndio hatukuiambia kwamba ng'ambo ya hvc kuna anayesoma kumbukumbu yetu. Kilichokosekana ni neno moja, "memory", kwenye orodha ya vinavyoguswa na asembli. Volatile inalinda agizo lisifutwe. Haiwalindi wale waliotakiwa kuandika kabla yake. Ule mstari wa kuchapisha ulitibu kwa sababu ulilazimisha muundo uandikwe ili uweze kusomwa.

Sasa chukua wito uleule uuweke kwenye faili la asembli. Kompaila inakutana na fanksheni ya nje ambayo haioni mwili wake, imepewa kielekezi, yaani anwani ya muundo, kwa hiyo inalazimika kudhani kwamba kinachoelekezwa kitasomwa na pengine kubadilishwa. Muundo utaandikwa kabla ya kuruka. Hakuna neno la kukumbuka, kwa hiyo hakuna la kusahau. Kosa lililonila siku tatu halina pa kuzaliwa.

Na tazama jinsi kifungashio chenyewe kinavyokuwa kidogo. Kwenye ARM64 wito wa kawaida wa Xen ni maagizo matatu: weka namba kwenye x16, hvc, ret ya kurudi. Hoja hazisogezwi hata moja, kwa sababu Xen inazitaka kwenye x0 hadi x4, na ndiko C inakoziweka tayari. x16 nayo haikuchaguliwa hivi hivi. Ni rejista ambayo kwa kanuni za ARM kiunganishi kinaruhusiwa kuiharibu njiani wakati fanksheni moja inaita nyingine, kwa hiyo hakuna anayetarajia kuikuta salama. Aliyelipanga hilo alifikiri mpaka mwisho, na mimi nikilisoma kwenye faili lake nafurahi. Nenda ARM ya biti 32 uone tofauti: namba inakwenda r12 kwa sababu ileile, lakini hoja ya tano C inaiacha kwenye steki ilhali Xen inaitaka kwenye r4, na r4 ni mali ya aliyekuita. Kwa hiyo unaisukuma r4 kwanza, unaichota hoja kutoka kwenye steki, baiti nne juu ya sp (kielekezi cha steki), unaita, unairudisha r4 kama ulivyoikuta. Ukihesabu na ret ni mistari sita, na kila mmoja una sababu unayoweza kuinyooshea kidole.

Wenye ile hoja ya "kompaila inajua" wakumbuke pia kilichorekebishwa ndani ya Linux mwaka 2018, kwenye makro za C za kuita programu dhibiti na haipavaiza kwa utaratibu wa ARM. Makro ilitangaza vigeu vilivyofungwa kwenye rejista, x0 kwanza, kisha x1, na kuendelea. Ukipitisha hoja ambayo yenyewe ni wito wa fanksheni, ile fanksheni inarudisha jibu lake kupitia x0 na kuikanyaga thamani uliyokwisha kuiweka humo. Dawa ilikuwa kunakili hoja zote kwenye vigeu vya kawaida kabla ya kugusa rejista. Hao ni watu wanaoijua kazi hii kuliko karibu sisi sote, na bado shimo lilikuwepo. Fanksheni ya asembli haina shimo hilo, maana hoja zake zinakuwa zimeshakokotolewa zote kabla ya kuruka.

Kwa PowerPC, familia nyingine ya prosesa, sitakaa sana. Fungua plpar_hcall9, fanksheni ya Linux ya mashine za pSeries: inahifadhi anwani ya bafa ya kuwekea majibu, inasogeza hoja zilizo kwenye rejista chini rejista moja, inaita kwa agizo sc 1, kisha inapokea majibu tisa, r4 hadi r12. Kwa kuwa r12 yenyewe ni jibu, inahamishiwa r0 kwanza, ndipo r12 inapobeba anwani ya bafa. Anayetaka kuyaandika hayo kwa makro ya C, sitamkagulia.

Nakubali jambo moja, ingawa si kwa moyo mkunjufu: KVM, haipavaiza iliyo ndani ya Linux, kwenye x86 (prosesa za Intel na AMD) inatumia asembli ya ndani na inafanya kazi. Neno la kumbukumbu limewekwa, waangalizi ni wengi, na mbinu ya kuchagua agizo wakati wa kuwaka ni nzuri. Intel inataka vmcall, baiti 0F 01 C1. AMD inataka vmmcall, 0F 01 D9. Zamani mwenyeji, yaani haipavaiza, ndiye aliyemrekebishia mgeni baiti hizo akimkuta ametumia zisizo zake, mpaka wageni walipoanza kufunga msimbo wao usiandikwe na marekebisho hayo yakawa balaa. Tangu 2014 mgeni anajichagulia mwenyewe. Haya, sawa. Lakini ni wito wenye hoja nne tu, chini ya macho ya watu wengi. Mradi wetu una wakaguzi wawili.

Hoja ya kasi sina subira nayo. Kutoka kwa mgeni kwenda kwa haipavaiza na kurudi hula mamia hadi maelfu ya mizunguko ya prosesa. Bl na ret za kifungashio, yaani kuruka na kurudi, hazionekani humo.

Ipo hatari ya upande wa pili pia, kumwachia haipavaiza akuandikie vifungashio. Xen kwenye x86 ilifanya hivyo kwa miaka: mgeni anatoa ukurasa wa baiti 4096, Xen inaujaza vijisehemu vya baiti 32 kila kimoja, mgeni anaruka humo. Ulikuwa mpango wa busara, kwa kuwa kerneli haikuhitaji kujua agizo lipi linafaa. Desemba 2024 likatoka tangazo la usalama XSA-466: ret zilizo ndani ya ukurasa ule hazikufuata kinga ambazo kerneli ilijiwekea dhidi ya mashambulizi ya ubashiri wa prosesa. Linux ikaacha kuutumia ukurasa huo, ikajiandikia vifungashio vyake, kikiwemo kimoja cha Intel na kimoja cha AMD. Vimeandikwa kwa asembli, kwenye faili la asembli.

Kijana aliyeandika kiraka si mvivu. Msimbo wake mwingine ni safi na nafurahi kuufanyia kazi. Sijakikataa. Nimemwomba akikompaili kwa -O2, afungue objdump kwenye fanksheni inayosajili chaneli ya matukio, ahesabu str kabla ya hvc, anitumie idadi aliyoipata. Kwenye orodha ya makro yake ya vinavyoguswa nimeona x16 peke yake.