Hatshepsut hakuwa malkia

Kila ifikapo Machi 8 simu yangu hujaa picha za Cleopatra, macho yamekolea wanja. Sina ugomvi naye. Ila tukizungumzia mwanamke aliyeshika dola Misri ya kale, wangu mimi ni Hatshepsut, aliyemtangulia Cleopatra kwa miaka zaidi ya 1,400. Na nina ombi: tusimwite malkia.

Kwa Wamisri wale, cheo tunachokitafsiri "malkia" kilikuwa mke wa mfalme, basi. Hatshepsut alikuwa nacho alipoolewa na Thutmose II. Mume alipofariki, mrithi, Thutmose III, mtoto wa mke mwenza, alikuwa bado mdogo, na mama wa kambo akamshikia usukani. Kufikia mwaka wa 7 hivi wa utawala wa mtoto huyo, Hatshepsut alikwishajitwalia taji. Mtoto hakuuawa wala kufukuzwa. Walihesabiwa wafalme wawili, na mkubwa alijulikana.

Tazama sanamu zake. Nyingi zina kilemba cha kifalme, kifua cha kiume, na ndevu za bandia kidevuni. Kisha soma maandishi yaliyo pembeni: mara nyingi sarufi yake ni ya kike, naye anaitwa binti wa mungu Ra. Watu husema alijifanya mwanaume. Amdanganye nani? Hata mafarao wanaume ndevu zao zilikuwa za bandia! Ilikuwa sare ya kazi, kama wigi la jaji.

Na kazi aliifanya. Kwenye kuta za hekalu lake la Deir el-Bahari imechorwa safari ya Punt, nchi ambayo wataalamu wengi huiweka pande za Pembe ya Afrika. Wanaume wamebeba miti ya manemane kwenye vikapu vilivyoning'inizwa kwenye fito, pamoja na mizizi na udongo wake, ikapandwe Misri.

Miaka kama 20 baada ya kifo chake, Thutmose III akaamuru jina lake lifutwe. Huko kwenye mahekalu ya Karnak mnara wake wa graniti, unaokaribia mita 30, ulizungushiwa ukuta. Lakini angalia patasi ilipita wapi. Alipochorwa kama mke wa mfalme, aliachwa salama. Alipochorwa kama mfalme, alichongolewa. Na katika orodha ya wafalme aliyoichonga Seti I, farao wa baadaye, kwenye hekalu lake kule Abydos, ukitoka kwa Thutmose II unaingia moja kwa moja kwa Thutmose III.