Carl Duisberg na mtihani ambao maprofesa waliukataa

Katika miaka ya 1890 Ujerumani iliongoza dunia kwa kemia, lakini wakemia wake hawakuelewana kuhusu jinsi ya kumfunda mkemia. Upande mmoja alikuwapo Carl Duisberg, mkemia wa kiwanda cha rangi cha Bayer kilichokuwa Elberfeld, aliyetaka masomo ya kemia yawe na mtihani wa serikali kama ule wa madaktari. Upande wa pili walisimama maprofesa, wakiwemo Adolf von Baeyer wa Munich na Wilhelm Ostwald wa Leipzig, ambao wote wawili walikuja kupata Tuzo ya Nobel. Mvutano ule naujali kwa sababu swali lake bado tunalo: nani aamue mwanafunzi wa sayansi ajue nini, anayemfundisha au atakayemwajiri?

Duisberg hakuwa mfanyabiashara aliyeidandia elimu kwa mbali. Alizaliwa Barmen mwaka 1861, katika familia ya kipato cha kawaida iliyojishughulisha na ufumaji wa utepe, na alipata udaktari wa kemia Jena mwaka 1882, kabla hajatimiza miaka 21. Muda mfupi baadaye aliingia Bayer, na mwaka 1912 akawa mkurugenzi mkuu wa kampuni nzima. Vijana waliokuja kuomba kazi aliwaona mwenyewe. Malalamiko yake yalikuwa mazito: kijana anashika shahada ya udaktari, kumbe miaka yake chuoni ameimaliza kwenye kundi dogo la misombo ambayo profesa wake ndiye aliyekuwa akiitafiti. Mpe sampuli ya chumvi au madini aipime, anayumba. Tena kiwango kilitofautiana chuo hadi chuo, kwa hiyo cheti hakikumwambia mwajiri lolote la uhakika. Tayari mwaka 1894 serikali ilikuwa imeweka mtihani kwa wakemia wa vyakula. Kwa nini wenzao wa viwandani waachwe?

Hapo namuunga mkono. Lakini tazama kazi yake mwenyewe. Mnamo 1886 iligunduliwa kwa bahati kwamba asetanilidi, kemikali iliyojulikana zamani, inashusha homa. Duisberg akakumbuka mapipa ya paranitrofenoli yaliyorundikana kiwandani, masalio ya utengenezaji wa rangi yasiyokuwa na kazi. Kimaumbile molekuli ile haikuwa mbali na asetanilidi. Akauliza kama haiwezi kugeuzwa dawa ya homa. Oskar Hinsberg akaifanya kazi hiyo maabara, na mwaka 1888 fenasetini ikaingia sokoni. (Miaka mingi baadaye dawa hiyo ilionekana kudhuru figo, na nchi nyingi zikaiondoa.) Tukio hilo linampa Duisberg haki, maana asiyeijua kemia kwa upana asingeona uhusiano kati ya takataka ya rangi na dawa. Lakini linawapa haki maprofesa vilevile. Hakuna mtahini ambaye angeweza kutunga swali lile kabla halijamjia mtu kichwani.

Na hiyo ndiyo iliyokuwa hofu yao. Tangu mkemia Justus von Liebig afungue maabara yake katika chuo cha Giessen katika miaka ya 1820, nguvu ya kemia ya Kijerumani ilitokana na kumwingiza mwanafunzi mapema katika utafiti, akosee, arudie, apate jibu ambalo hata mwalimu wake hakuwa nalo. Waliona kwamba ukileta orodha ya serikali, mwanafunzi atasoma orodha. Mwalimu naye atafundisha orodha, na utafiti utasubiri.

Mwamba ngoma huvutia kwake, na hapa waambaji walikuwa wawili. Mtihani wa serikali ungewapa wakemia wa viwandani heshima sawa na mawakili na madaktari, na ungempunguzia mwajiri kazi ya kuchuja. Maprofesa nao walikuwa wakilinda himaya zao. Mwanafunzi anayekesha juu ya misombo ya profesa ni nguvukazi ya bure, na sioni kwamba hoja ya uhuru wa utafiti inatosha kulifunika hilo.

Mwaka 1897 wakuu wa maabara za vyuo, Baeyer akiwa mstari wa mbele, waliunda umoja wao na kuweka mtihani wao wenyewe, ambao mwanafunzi alipaswa kuufaulu kabla ya kuanza tasnifu ya udaktari. Serikali ikabaki nje. Wengi husema maprofesa walishinda. Mimi naona Duisberg alipoteza chombo akapata kiini: mwanafunzi sasa alilazimika kuijua misingi kabla ya kujifungia kwenye mada ya profesa. Bila shinikizo la kiwanda, sidhani maprofesa wangejisahihisha upesi hivyo.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, vyuo vilipokuwa hoi kifedha, Duisberg alishiriki kuanzisha Jumuiya ya Justus Liebig mwaka 1920, iliyowalipa posho wakemia vijana ili wabaki kwenye maabara za vyuo badala ya kukimbilia kazi. Mtu aliyetaka vibarua wa kiwanda tu asingefanya hivyo.

Ila mtu huyohuyo wakati wa vita alisukuma utengenezaji wa gesi za sumu, na mwaka 1916 alitaka Wabelgiji waletwe kwa nguvu kufanya kazi Ujerumani. Mkosoaji atasema: huyo ndiye mliyetaka apange masomo? Ni swali la haki. Lakini gesi ya klorini iliyoachiwa Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915 ilisimamiwa na Fritz Haber, profesa. Walther Nernst, profesa mwingine, naye alikuwamo katika kazi ya silaha hizo. Uhuru wa chuo haukuwazuia. Kwa hiyo siwezi kukubali kwamba mtaala uko salama mikononi mwa maprofesa peke yao, wala siwezi kuukabidhi kwa kiwanda. Mpango wa 1897 naukubali nusu: waalimu watunge mtihani, ila walio nje ya chuo wawe na nafasi ya kuuhoji hadharani, na wasiwe waajiri peke yao.