Chumba cha darini kisicho na karatasi: ununue nyumba au uiache?

Dalali wa England akitangaza nyumba ya "vyumba vitatu vya kulala na chumba cha darini", soma tangazo mara mbili. Chumba kile cha juu kingekuwa na karatasi zake, angekihesabu kuwa cha nne na kupandisha bei. Mara nyingi hakihesabu kwa sababu anajua mkaguzi wa benki naye hatakihesabu.

Nyumba za namna hii ni nyingi, na ushauri anaopewa mnunuzi hugawanyika. Wapo wanaosema: kazi ina zaidi ya miaka kumi, halmashauri haijawahi kugonga mlango, kata bima ununue. Wengine hushikilia kwamba muuzaji alete vyeti au abaki na nyumba yake. Kila upande una hoja nzito, ila mara nyingi wanabishana juu ya vitu viwili tofauti.

Kitu cha kwanza ni kibali cha mipango miji. Hicho kinahusu kama jengo linaruhusiwa kuwa pale, kwa ukubwa ule na sura ile. Cha pili ni cheti cha kanuni za ujenzi, kinachohusu kama sakafu itabeba uzito na kama moto ukiwaka usiku aliyelala juu atatoka. Nyumba za kawaida, tofauti na fleti, zina haki ya kuongezwa kiasi bila kuomba kibali: kwa ujumla mita 3 kwenda nyuma kwa nyumba zilizoshikana, mita 4 kwa inayosimama peke yake, na darini mita za ujazo 40 kwa nyumba za mstari au 50 kwa nyingine, masharti mengine yakitimizwa. Kwa hiyo chumba cha darini kinaweza kuwa halali kabisa upande wa mipango miji. Kanuni za ujenzi hazina msamaha wa aina hiyo. Dari likigeuzwa chumba cha kulala, mkaguzi alipaswa kuitwa.

Wanaosema nunua wana nguvu zaidi kwenye kibali. Ujenzi uliokamilika kabla ya 25 Aprili 2024 hulindwa baada ya miaka 4. Uliokamilika tangu siku hiyo, baada ya miaka 10. Chumba kilichomalizika 2012 bila kibali, halmashauri imechelewa, na mwenye nyumba anaweza kuomba cheti cha uhalali kinachothibitisha hivyo. Kukataa nyumba kwa kasoro hiyo peke yake ni woga usio na msingi. Ila muda hauliponyi jengo lililoorodheshwa kwa thamani yake ya kihistoria. Hapo hakuna ukomo, na amri ya kurudisha jengo lilivyokuwa humwangukia mmiliki wa sasa hata kama hakugusa tofali. Wala muda haumsaidii aliyeficha. Robert Fidler alijenga jumba lenye minara shambani kwake Surrey, akalificha nyuma ya marobota ya majani makavu hadi 2006 akiamini kwamba miaka 4 ikishapita analindwa. Mahakama ilikataa, na jumba likabomolewa 2016.

Kwenye kanuni za ujenzi hoja ya muda inalegea. Zamani halmashauri ilikuwa na miezi 12 tu ya kumwamuru mwenye nyumba abomoe au arekebishe. Tangu Oktoba 2023 muda umekuwa miaka 10. Hata ukipita, mbao zilizokatwa vibaya hazijiungi zenyewe.

Ndipo bima ya fidia inapoingia. Hulipwa mara moja, kwa kawaida pauni chache ukilinganisha na bei ya nyumba, nayo hulipa gharama na hasara endapo halmashauri itachukua hatua. Hailipi sakafu ikibonyea. Tena ina sharti linalowanasa wengi: ukiwahi kuwasiliana na halmashauri kuhusu kazi ile, hata kwa simu moja ya kuuliza tu, bima haitolewi au inakufa. Wakili anaipenda kwa sababu inafunga faili na kuiridhisha benki. Mimi nasema ni karatasi nzuri kwa tatizo la karatasi.

Kwa hiyo panda juu na tochi kabla hujabishana na yeyote. Mbao za dari za nyumba nyingi za zamani zina kimo cha milimita 100 au pungufu. Ziliwekwa kubeba plasta ya dari. Kitanda, kabati na watu wawili havikuwa kwenye hesabu. Kazi iliyofanywa sawasawa huwa na mbao mpya nene zaidi, aghalabu zikiegemea boriti za chuma zilizoingia kwenye kuta. Fungua vile vimlango vidogo vya pembeni uangalie kenchi. Fundi wa haraka hukata mihimili ya mshazari inayoshikilia paa ili apate nafasi ya kusimama, na paa huanza kusukuma kuta nje. Vuka barabara ulitazame: mgongo wa paa ukiwa umebonyea katikati, umepata jibu. Kisha fuata ngazi. Zikishukia sebuleni moja kwa moja, bila milango ya kuhimili moto na bila ving'amuzi vya moshi vilivyounganishwa na umeme wa nyumba, aliyelala juu hana njia. Angalia pia kama mtu ameondoa kifua cha dohani (sehemu ya bomba la moshi inayotokeza ukutani) vyumbani akaacha bomba la matofali juu ya paa: uzito unaoweza kufika tani nzima, wakati mwingine ukining'inia kwenye vipande vya mbao.

Dalili zikiwepo, mlipe mhandisi wa majengo kabla ya kubadilishana mikataba, hatua inayowafunga mnunuzi na muuzaji. Kazi iliyofanyika tangu 11 Novemba 1985 inaweza kuombewa cheti cha urekebishaji kwa halmashauri, lakini mkaguzi atataka sakafu ifunuliwe na plasta ibanduliwe penye boriti, na atakachokiona kibovu lazima kitengenezwe. Kwa kuwa ombi hilo linaua bima, lifanywe na muuzaji, kwa gharama yake, baada ya ripoti ya mhandisi kuonyesha kazi inaweza kupita. Asipotaka, punguza bei kwa gharama ya matengenezo. Wauzaji hupenda kupunguza kiasi cha bima tu, na wanunuzi wengi hukubali kwa sababu wameshachoka kusubiri.

Muuzaji akikataa hata ubao mmoja wa sakafu usiinuliwe, ipe nyumba thamani ya vyumba vitatu na stoo, kisha utoe gharama ya kulirudishia paa mihimili yake.