Kabla ya Kununua Plagi, Jiulize Gari Linazima Lini

Gari la zamani likianza kuzimazima na kutetemeka, kila aliye karibu anageuka fundi. Mmoja atasema plagi, mwingine pampu. Wa tatu, ambaye hata boneti hajaiona ikifunguliwa, ataapa kwamba ni sensa, kwa kuwa la shemeji yake lilikuwa sensa. Mwenye gari naye anafuata kila mdomo: leo plagi, keshokutwa koili inayoipa plagi umeme, wiki ijayo pampu ya petroli, na gari linaendelea kuzima vilevile. Hiyo ni kupiga ramli kwa vipuri, na ramli ya aina hii huwa ghali.

Mimi nashikilia kwamba swali la kwanza ni moja tu: linazima lini? Likiwa la baridi au likishachemka? Likisimama kwenye makutano au likipanda mlima? Siku za mvua tu? Mwenye kulijibu swali hilo ni wewe unayelishika usukani kila siku. Fundi analiona gari kwa robo saa, na mara nyingi gari hilohilo likifika gereji linatulia kama halijawahi kusumbua mtu. Ukimwambia "linamisi tu", yaani linakosakosa kuwaka, umemwachia kazi ya kubahatisha, kisha unamlaumu kwa kubahatisha.

Injini ya petroli haidai mengi. Inataka hewa na petroli kwa kipimo, kama gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu moja ya petroli. Inataka cheche kali iliyokuja kwa wakati wake. Inataka silinda zinazobana vizuri. Kila kimoja kati ya hivyo kikipungua, kina saa zake za kujionyesha, na ndiyo maana nang'ang'ania hilo neno "lini".

Chukua gari linalotikisika likiwa sailensa, yaani injini inanguruma bila kukanyagwa mafuta, lakini ukikanyaga mafuta kidogo linatulia na kwenda vizuri. Hapo nashuku hewa inayoingia kwa mlango wa nyuma: kipaipu cha hewa kilichopasuka, au gasketi ya manifoldi iliyochoka. Injini ikiwa sailensa inavuta hewa kidogo sana, kwa hiyo hata ufa mwembamba unavuruga mchanganyiko wote. Ukikanyaga, hewa halali inakuwa nyingi mno kiasi kwamba ile ya wizi haina tena uzito. Valvu ya kurudisha moshi kwenye injini nayo ikikwama wazi hutoa dalili zinazofanana na hizo.

Sasa geuza mambo. Gari linanguruma vizuri likisimama, ila ukilidai nguvu, mlimani au unapotaka kulipita lori, linakohoa na kurukaruka. Hilo lina njaa. Chujio la petroli limeziba au pampu imechoka: petroli inayofika inatosha kusimama, haitoshi kufanya kazi. Cheche dhaifu nayo hujitokeza hapohapo, maana mgandamizo ndani ya silinda ukiwa mkubwa, umeme unahitaji nguvu zaidi kuruka ile nafasi ya plagi.

Linalozima likishachemka, kisha likipumzishwa nusu saa linawaka kana kwamba halikuwa na tatizo, nalianzia kwenye koili na sensa ya krenki, ile inayosoma mzunguko wa injini. Waya mwembamba ulio ndani yake hutanuka kwa joto na kuachana, ukipoa unagusana tena. Kama ni gari la kabureta, huenda petroli inachemka kwenye bomba kabla ya kufika. Linalosumbua siku za unyevu tu, fungua boneti usiku, mahali penye giza, injini ikiwa inaunguruma. Waya za plagi zilizochakaa utaziona zinarusha vicheche vya buluu kuelekea kwenye chuma cha injini. Usiziguse, umeme huo ni wa maelfu mengi ya volti.

Halafu sikiliza linavyokufa. Likikatika ghafla kama mtu aliyezungusha ufunguo, fikiria umeme kwanza. Likianza kulegea, likarukaruka, likajikokota hatua chache kabla ya kuzima, fikiria petroli. Si sheria ya mbinguni, lakini kwangu imeokoa muda kuliko vifaa vingi.

Kuna gari moja nilikuwepo likikaguliwa, lilikuwa linazima baada ya safari ya wastani, kila mara. Chujio lilishabadilishwa, pampu ilishabadilishwa. Mwenye gari akaulizwa linawaka tena baada ya nini, akasema linawaka nikishajaza mafuta. Wengi wangelipita jibu hilo. Fundi akasubiri lizime, akaenda kwenye kifuniko cha tangi, akakifungua taratibu: fyuuu, tangi likavuta hewa kwa pupa. Tundu la kupumulia la kifuniko lilikuwa limeziba kwa vumbi, petroli inatoka na hewa haiingii, mpaka pampu inashindwa kuvuta. Wakati wote ule dereva alikuwa analitibu gari lake bila kujua, kila anapofungua kifuniko kituoni. Pampu mpya haikuwa na kosa lolote, na ya zamani pia.

Najua kuna atakayesema siku hizi haya yote ya nini, chomeka mashine usome kompyuta. Chomeka, sina ugomvi. Ila kwa magari ya zamani ujue mipaka yake: tundu la OBD-II, pale inapochomekwa mashine hiyo, limekuwa la lazima kwenye magari ya Marekani tangu toleo la mwaka 1996, na Ulaya kwa magari mapya ya petroli mwaka 2001. La kabla ya hapo huenda lina mfumo wake pekee, au halina kabisa. Na hata likiwepo, namba inayotoka ni ushahidi, hukumu bado ni yako. P0171 inasema mchanganyiko una hewa nyingi au petroli pungufu. Watu wakiiona wanakimbilia kununua sensa ya oksijeni, ilhali sensa hiyo imesema kweli tupu. Unamfukuza aliyeleta habari na kuuacha ufa pale ulipo.

Ufa wenyewe mara nyingi hauonekani ukiangalia kwa juu. Shika kipaipu, kikunje kwa vidole, hasa pale kinapopinda na upande wa chini unaopigwa na joto. Mpira mzuri unarudi. Mpira uliokufa unatoa vijimistari kama ngozi kavu, na wakati mwingine unafunguka mdomo mkononi mwako. Unaweza pia kuweka ncha ya bomba la mpira sikioni na kupitisha ncha nyingine karibu na maungio, utasikia mluzi, ila jiepushe na feni na mikanda inayozunguka. Wapo wanaopulizia dawa ya kusafishia kabureta na kusikiliza kama mlio utabadilika. Inafanya kazi, lakini dawa hiyo inawaka moto, na injini imechemka. Mimi siipendi.

P0301 nayo inasema silinda namba moja inamisi. Haisemi kwa nini. Kama kila silinda ina koili yake, hamisha ya namba moja uipeleke namba tatu, futa namba, endesha. Ikirudi P0303, umempata. Ikibaki P0301, rudia kwa plagi, kisha fikiria nozeli inayopulizia petroli. Hujanunua kitu bado. Hapa ndipo ninapowashangaa wanaobadilisha koili zote, plagi zote na nozeli kwa mpigo: hata gari likipona, hawajui limepona kwa dawa ipi, na vipuri vizima vimeshatupwa. Badilisha kimoja, jaribu, na cha zamani ukiweke.

Plagi zenyewe, kabla hazijaitwa mbovu, zisomwe. Zitoe injini ikiwa imepoa, uzipange kwa mpangilio wa silinda zake. Rangi ya kahawia hafifu au kijivu ni afya. Masizi meusi makavu: petroli inazidi. Nyeusi yenye kung'aa kwa mafuta: oili inapanda hadi kwenye silinda. Nyeupe kama imechomwa: petroli pungufu au joto kali. Moja ikitoka imelowa petroli na wenzake wakavu, basi silinda ile inapata petroli na haipati cheche.

Na kabla ya hayo yote, kwa gari lenye umri, tazama vichwa vya betri na waya wa hasi unaokwenda kwenye bodi na injini. Ule unga mweupe au wa kijani na nati iliyolegea vimeshawazimishia watu magari barabarani. Betri nzima iliyojaa, gari likiwa limezimwa na kupumzika, husoma karibu volti 12.6, injini ikiwaka, isome kati ya 13.8 na 14.5 hivi.

Ukipima yote na silinda moja bado haichangii, pima mgandamizo kabla hujanunua kitu kingine. Silinda moja ikiwa chini sana ya wenzake, mimina kijiko cha oili ndani yake kupitia tundu la plagi, upime tena. Ikipanda, ringi za pistoni zimechoka. Isipopanda, ni valvu au gasketi ya hedi. Hapo unakaa na fundi mnaulizana kama injini ifunguliwe au gari liuzwe na ubovu wake ukiwa umetajwa, na koili mpya haiingii tena katika mazungumzo hayo.