Aliyechelewa kuacha modemu hakulala

AOL, kampuni ya intaneti ya Marekani, ilizima intaneti ya kupiga simu tarehe 30 Septemba 2025, na habari ile inarudisha mezani hukumu ya zamani ya hapa Dar es Salaam: kwamba watoa huduma wa intaneti walioanza na modemu (kifaa cha kuingia mtandaoni kwa kupiga simu), wakachelewa kuingia kwenye brodibendi (laini ya kasi isiyokatwa), walilala wenzao wakivuna. Ni rahisi kuitamka hukumu hiyo leo, faiba ikiwa ukutani. Ukirudi kwenye chumba cha mitambo cha mwaka 2005 na kalamu mkononi, hesabu zinagoma.

Chukua mtoa huduma mdogo wa wakati ule. Amekodi megabiti 2 kwa sekunde za setilaiti. Upande wa simu ana laini moja ya E1, yaani chaneli 30. Modemu iliandikwa kilobiti 56 kwenye boksi, ila kwa nyaya za mjini ukipata 45 ulishukuru. Zidisha 45 kwa 30: kilobiti 1,350. Setilaiti inazimeza zote na nafasi inabaki. Na kwa kuwa watu hawapigi wote saa ileile, chaneli 30 ziliweza kubeba hata wateja 300. Aliyepiga wa 31 alikutana na mlio wa laini kutumika, akakasirika, akajaribu tena baada ya dakika kumi. Mlio ule ulikuwa bawabu. Waliokwisha kuingia ndani walibaki na kasi yao kamili.

Sasa mwondoe bawabu. Wape wateja walewale 300 brodibendi ya kilobiti 512, setilaiti ikiwa ileile. Wanne tu wakishusha mafaili makubwa wameijaza. Mtetezi wa kuingia mapema atasema brodibendi haiuzwi hivyo, huuzwa kwa kugawana, watu 20 kwenye fungu moja. Haya, tugawane: 300 mara 512, gawa kwa 20, unapata kilobiti 7,680, karibu mara nne ya alichokodi. Asipoongeza, jioni wateja 100 wakiwa hewani pamoja, kila mmoja anabaki na kilobiti 20 hivi. Amelipa zaidi, amefungiwa kifaa kipya, na anapata chini ya nusu ya modemu aliyoitupa.

Hata hizo 20 hazifiki salama. Setilaiti ya aina ile hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta, kwa hiyo kuuliza na kujibiwa kunachukua karibu nusu sekunde kabla hata ya foleni. Msongamano ukidondosha pakiti moja, kompyuta inayotuma inakata kasi, kisha inaipandisha kidogo kidogo, na kila hatua inasubiri safari nyingine ya nusu sekunde. Ukurasa unafunguka kichwa, picha zinagoma. Na laini isiyokatwa haipumziki: kompyuta inaendelea kushusha masasisho mwenyewe akiwa sokoni. Kuongeza setilaiti kulikuwa maelfu ya dola kwa kila megabiti, kila mwezi, katika mji ambao mteja analipa kwa shilingi. Aliyeuza brodibendi kwa hali hiyo aliuza jina. Aliyekaa na modemu zake aliuza kidogo alichokuwa nacho, na mteja alikipata.

Kwa hiyo kumfananisha na AOL ni kumwonea. AOL ilikuwa na wateja zaidi ya milioni 26 nchini Marekani mwaka 2002, na Januari 2001 ilikuwa imekwisha kuungana na Time Warner, wenye nyaya za kebo zinazoingia hadi sebuleni. Nyaya walikuwa nazo ndani ya nyumba yao wenyewe, na hakuna setilaiti iliyowabana. Walichelewa kwa kuwa ada ya modemu ilikuwa tamu, na walisubiri hadi Agosti 2006 ndipo barua pepe yao ikawa bure kwa waliokwisha kupata laini kwingine. Huko ndiko kulala.

Hoja ya upande wa pili inapata nguvu baada ya Julai 2009, mkongo wa baharini wa SEACOM ulipowashwa Dar, ukafuatwa na mkongo mwingine, EASSy, mwaka 2010. Kisingizio cha setilaiti kilikufa pale. Aliyeendelea kusubiri baada ya hapo alikuwa amekosa kitu kingine: njia ya kumfikia mteja nyumbani. Nyaya za shaba hazikuwa zake, na ADSL, yaani brodibendi juu ya shaba ya simu, huchoka haraka. Karibu na kituo cha simu unapata megabiti 8, ukipita kilomita 5 hivi huna kitu, na maji ya masika yakiingia kwenye maungio laini inakatika kila mvua. Redio za masafa ya gigahezi 5.8 zinataka antena zionane, na ghorofa moja jipya Upanga au Kariakoo linatosha kuziba njia. Waliowahi walishika mapaa na minara, na kampuni za simu za mkononi zikashika mifuko. Hilo ni kosa la kweli, nalikubali: miaka ile ya kungoja ilitosha kutafuta mapaa.

Lakini aliyekuja mwisho hana stoo iliyojaa vifaa vya WiMAX, intaneti ya redio iliyopitwa na wakati, visivyo na mtandao. Anaanza na faiba moja kwa moja: gigabiti 2.5 kwa nyumba 32, yaani megabiti 78 kwa kila moja hata wote wakishusha pamoja. Yale masharti ya kugawana yaliyomuua mwenzake mwaka 2005 hapa hayaumi.

Kinachoweza kumwangusha sasa ni mazoea ya modemu. Laini ya simu ilikuja na umeme wake, volti 48 kutoka kituoni, na kompyuta mpakato yenye chaji ilipiga hata wakati wa mgao. Faiba inaleta mwanga tu. Umeme ukikatika, kiboksi cha ukutani kinazima, na mteja anapiga simu kusema mtandao ni mbovu. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 7 inakishikilia kiboksi cha wati 12 kwa saa tano hivi, na bado kuna mafundi wanaofunga laini bila hata kuitaja.

Mwanga nao unahitaji kupimwa. Unatoka ofisini ukiwa chanya 3 kwa dBm, kipimo cha nguvu ya mwanga kinachohesabiwa kwa desibeli, kigawanyaji cha njia 32 kinakula desibeli 17 hivi, kilomita 5 za waya na viunganishi vinakula 3 nyingine, nyumbani unafika ukiwa hasi 17. Kiboksi kinavumilia hadi hasi 27. Fundi akiupinda waya kwa kona kali nyuma ya kabati, au akachomeka kichwa cha kijani kwenye tundu la buluu lisilolingana nacho, au akaacha vumbi kwenye ncha kwa kuwa hakubeba kitambaa chake, akiba ya desibeli 10 inaliwa siku hiyohiyo. Taa itawaka, mteja atasaini, na wiki ya tatu laini itaanza kukatika usiku. Kipimo kile cha mwanga kiandikwe kwa kalamu juu ya kiboksi, na tarehe yake, kabla fundi hajashuka ngazi.