Kiti cha Kiwanda, Meza ya Fundi

Ingia ofisi nyingi za Nairobi, kuanzia majengo ya vioo ya Upper Hill hadi vyumba vilivyo juu ya maduka ya Tom Mboya Street, na utajua pesa za samani zilikwenda wapi kabla hujaulizwa jina. Mapokezi yana kaunta inayong'aa na makochi ya ngozi. Mkurugenzi ana meza pana ya mbao nyeusi na kiti cha mgongo mrefu. Halafu pita mlango wa pili, wanakokaa mhasibu, karani wa malipo na vijana wa kupokea simu za wateja. Hapo utakuta kiti ambacho egemeo limelegea, kingine hakipandi wala hakishuki, na mto uliotoka nyumbani umebanwa kiunoni.

Mpango huo unaumiza watu, na unaumiza pia mfuko wa kampuni iliyouchagua. Lakini ukisikiliza mjadala wa samani za ofisi mjini humu, utasikia watu wakivutana pasipo na tatizo. Mmoja anatetea urembo, mwingine anatetea bei. Huyu anasema tununue kwa mafundi wetu tukuze ajira, yule anasema vya kutoka China vimenyooka na vinafika vikiwa tayari. Kila upande unazungumzia samani kwa jumla, ilhali kiti na meza ni vitu viwili visivyofanana hata kidogo. Kiti cha kazi ni mashine. Meza ni ubao uliosimama kwa kimo fulani. Ukivitenganisha, sehemu kubwa ya ubishi inaisha.

Nianze na wanaotetea mwonekano, kwa sababu hoja yao hudharauliwa bila haki. Mwanachama anayekwenda kwenye SACCO kuweka akiba yake, au mama anayetafuta wakili wa kesi ya shamba, hana namna ya kupima uaminifu wa ofisi siku ya kwanza ila kwa macho. Katika mji ambao matapeli hukodi chumba kwa mwezi mmoja kisha wakatoweka na pesa za watu, ofisi iliyotulia na kupangwa vizuri inampa mgeni sababu ya kuketi. Mfanyakazi naye ana macho. Akipewa mahali safi penye mwanga, anaona kazi yake imeheshimiwa. Wanaosema kwamba urembo ni anasa wanasahau haya yote.

Hata hivyo, mgeni hukaa kwenye kochi dakika chache, karani hukaa kwenye kiti chake mwaka mzima. Tena urembo unaochaguliwa kwa picha huwa haudumu. Ngozi bandia ya poliyurethani inapendeza dukani, lakini unyevu, jasho na jua la dirishani huila polepole. Huanza na nyufa nyembamba, kisha hubanduka vipande vinavyonata kwenye nguo. Meza nyeupe inayometa hurudisha mwanga wa dirisha machoni mwa mtu anayejaribu kusoma skrini. Hata mtindo wa meza moja ndefu isiyo na vizuizi, unaosifiwa kwamba unaleta ushirikiano, umepimwa na kukutwa na kasoro. Ethan Bernstein na Stephen Turban walifuatilia kampuni mbili kubwa za Marekani zilizobomoa vigawanyo vya ofisi. Utafiti wao, uliochapishwa 2018, ulikuta mazungumzo ya ana kwa ana yamepungua kwa takriban asilimia 70, huku barua pepe zikiongezeka. Watu wakikosa faragha huvaa visikizi na kunyamaza. Kizuizi kifupi cha kitambaa kati ya meza na meza hakiharibu sura ya ofisi, na seremala yeyote anakiweza.

Sasa kiti. Miili haifanani, na hili ndilo jambo ambalo wanunuzi wetu hulipita upesi mno. Kampuni ya Herman Miller ilipotoa kiti cha Aeron mwaka 1994, kilichobuniwa na Bill Stumpf na Don Chadwick, ilikitoa kwa saizi tatu, juu ya marekebisho yote kilichokuwa nayo. Mtu akiketi kufanya kazi, nyayo zake mbili zinapaswa kukanyaga sakafu, kiuno kipate pa kuegemea, na viwiko vikae kwenye kimo cha meza bila mabega kupanda. Kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti pabaki nafasi ya vidole viwili au vitatu, la sivyo ukingo unabana damu isishuke vizuri miguuni. Kiti kisichorekebishika kinaweza kumfaa mtu mmoja kwa bahati, kikamtesa anayempokea zamu. Na ofisi za zamu, ambako kiti kimoja hukaliwa na watu wawili au watatu kwa siku, ndizo zinazopenda kununua viti vya namna hiyo kwa wingi.

Hapa ndipo fundi wa Gikomba au wa Ngong Road, pamoja na ustadi wake wote, hawezi kushindana, na si haki kumtaka ashindane. Kinachofanya kiti cha kazi kiwe cha kazi hakionekani kwa macho. Kuna silinda ya gesi inayokipandisha na kubeba uzito, mtambo ulio chini ya kikalio unaoruhusu egemeo lilale na kurudi, na miguu mitano yenye magurudumu ili kisipinduke mtu anapojinyoosha. Vitu hivi hutengenezwa viwandani na kupimwa kwa mashine. Kiwango cha Marekani cha BIFMA X5.1 hupima kiti kwa kuzingatia mtu wa hadi kilo 125 hivi. Cha Ulaya, EN 1335, huzingatia mtu wa hadi kilo 110 anayekaa saa 8 kwa siku. Maduka mengi ya Nairobi hubandika kila kiti chenye mgongo wa neti jina la othopediki, yaani cha kulinda mgongo na mifupa. Mwulize muuzaji kiti chake kimepimwa kwa kiwango kipi na kinabeba kilo ngapi. Akikosa jibu, hilo nalo ni jibu.

Wanaopinga viti vya kuagiza wana jambo moja la kweli kabisa: vipuri. Kiti kizima hutupwa kwa sababu ya gurudumu moja lililovunjika au silinda iliyochoka, na aliyekiuza ameshafunga duka au ameanza kuuza modeli nyingine. Kinga yake ni kuuliza kabla ya kulipa kama duka lina silinda na magurudumu ya akiba. Habari njema ni kwamba silinda nyingi hufuata umbo la kawaida, kwa hiyo hata fundi asiyehusiana na duka hilo anaweza kuing'oa ya zamani na kuingiza mpya.

Na huu si ukarimu wa mwajiri. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri achukue hatua ili mahali pa kazi, vifaa na majukumu viendane na mfanyakazi. Tumezoea kuisoma sheria hiyo tukiwaza kofia ngumu na ngazi za ujenzi, lakini karani ni mfanyakazi pia.

Kwenye meza mambo yanageuka. Meza nyingi za kuagiza zina kimo cha sentimita 73 hadi 75. Kimo hicho kinamfaa mwanamume mrefu. Mwanamke wa sentimita 160, ambaye ni wa urefu wa kawaida kabisa hapa kwetu, akiketi na nyayo zake zikiwa sakafuni, viwiko vyake vinakuwa kwenye sentimita 65 hadi 68 hivi. Ili aifikie meza hana budi kupandisha kiti, na miguu inaanza kuning'inia. Asipokipandisha, anafanya kazi mabega yakiwa yamejikunja hadi jioni, kisha anasingizia baridi ya Julai kwa maumivu ya shingo. Kontena kutoka ng'ambo haliwezi kumsaidia. Fundi wa Dagoretti Corner anaweza: mwambie akate miguu kwa sentimita 67, naye atakata, bila kuongeza bei. Akimaliza atakutengenezea na kibao cha kuwekea miguu kwa mabaki ya mbao hizo hizo.

Kuna pia suala la uimara. Meza ya chipubodi, yaani ubao wa chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi, iliyofunikwa melamini, ile plastiki ngumu ya juu, ni nyepesi, safi na rahisi kupanguswa, na kwa ofisi isiyohamahama inatosha. Adui yake ni maji. Chai ikipenya kwenye ukingo uliobanduka, au kitambaa cha kupigia deki kikilowesha miguu kila asubuhi, chipubodi huvimba na hairudi ilivyokuwa. Adui wa pili ni kuhama, jambo ambalo kampuni ndogo za Nairobi hulifanya mara kwa mara zikikimbia kodi ya nyumba. Skrubu ikifunguliwa na kufungwa tena, tundu lake kwenye chipubodi humong'onyoka, na meza inaanza kuyumba. Fremu ya chuma iliyochomelewa Kamukunji, ikawekwa ubao mzito juu, huvumilia kubebwa kwa mkokoteni hadi jengo lingine na kurudi.

Wanaowaogopa mafundi nao hawakosei. Mbao mbichi ndiyo balaa kuu. Saipresi iliyokatwa juzi na kupigwa vanishi leo itapinda ikishakauka ofisini, na droo zitakwama. Tatizo hili lilizidi baada ya serikali kusimamisha ukataji miti katika misitu ya umma Februari 2018. Marufuku hiyo ilitangazwa kuwa ya siku 90, ikaongezwa tena na tena, hadi Rais William Ruto alipotangaza kuiondoa Julai 2023. Katika kipindi hicho mbao zilipanda bei, na fundi aliyebanwa na mteja alitumia alichokipata. Tatizo lingine ni usawa. Fundi anayechonga meza moja kwa uzuri wa ajabu anaweza kukuletea meza 20 ambazo hakuna mbili zinazolingana. Dawa yake inajulikana: mchoro wenye vipimo uliotiwa saini na pande zote mbili, meza moja ya mfano kwanza, kuitembelea karakana kazi ikiendelea, na salio lilipwe baada ya kupokea. Kampuni inayotoa malipo yote mapema kisha inalalamika imejitakia.

Serikali imeegemea upande wa fundi. Tangu Julai 2022, Jumuiya ya Afrika Mashariki imeziweka samani kwenye kundi la ushuru wa asilimia 35, kundi la juu kabisa katika mpangilio wa kawaida wa forodha, na hapa nchini VAT ya asilimia 16 inafuata. Naunga mkono kuwalinda maseremala. Kasoro ninayoiona ni kwamba ushuru huo hautofautishi meza ya mikutano, ambayo Ngong Road inaiweza vizuri sana, na kiti chenye mtambo, ambacho hakuna karakana ya kando ya barabara inayokitengeneza. Matokeo yake kiti kizuri kinakuwa ghali zaidi, na mwajiri anashuka hadi kwenye kiti kibovu cha kuagiza badala ya kumwendea fundi. Kwa kiti cha kazi, ushuru mdogo ungemfaa mfanyakazi bila kumnyang'anya seremala mkate.

Bei ndiyo hoja inayoshinda mikutano, kwa hiyo ihesabiwe sawasawa. Tuseme kiti cha shilingi 9,000 kinachoka baada ya miaka 2, na cha shilingi 30,000 kinadumu miaka 8. Katika miaka hiyo 8 kampuni itanunua vile vya bei ya chini mara nne na kutumia shilingi 36,000, bila kuhesabu siku ambazo mtu atakosa kazi kwa sababu ya mgongo. Ugumu ni kwamba shilingi 30,000 zinatakiwa leo, na anayeidhinisha malipo si yeye atakayekikalia. Ningependa kila ofisi ilete viti vya mfano viwili au vitatu, iwape wafanyakazi wafupi, warefu, wembamba na wanene wavitumie kwa wiki nzima, kisha maoni yao yaambatanishwe kwenye karatasi za ununuzi kabla hazijasainiwa.

Kwa kampuni changa ambayo haina hata hizo shilingi, kuna soko la vilivyotumika, hasa minada ya ofisi zinazofungwa au kuhama. Kiti cha daraja la juu kilichotumika miaka kadhaa mara nyingi hukishinda kipya cha bei ya chini, kwa kuwa chuma chake na mtambo wake vilitengenezwa kudumu. Kikague bila haraka. Kipandishe hadi juu kabisa, kikalie kwa uzito wako wote na usubiri dakika chache uone kama kinazama. Kigeuze, uangalie kama miguu mitano ina ufa pale inapokutana katikati. Tafuta lebo ya mtengenezaji chini ya kikalio, maana kwa jina hilo ndipo utakapopata vipuri. Sponji iliyobonyea na kitambaa kilichochanika visikufukuze. Fundi wa makochi atakibambika upya kwa kitambaa cha rangi unayoitaka, na ofisi ipendeze vilevile.