Mto nao ungoje siku ngapi?

Wikendi iliyopita nilimkuta jamaa kwenye ukingo wa mto Mbagathi, upande wa Rongai, akisuuza bomba la kupulizia ng'ombe dawa ya kupe. Maji meupe yakatiririka moja kwa moja hadi kwenye kidimbwi kilichojaa viluwiluwi. Nikamwambia, "Mzee, hapo unaua watoto wa chura." Akacheka. "Kumbe vyura nao wana wakili?"

Wanaye sasa.

Kupe ni kupe, sibishani. Ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, haina huruma, na asiyewahi kuzika ng'ombe wa maziwa asimfundishe mfugaji kazi. Lakini saipamethrini na deltamethrini, dawa za kupe zile zinazopangwa rafu nzima kwenye agroveti, ni sumu kali kwa viumbe wa majini hata zikiwa kidogo sana. Kwenye chupa imeandikwa usichafue mito. Kwa herufi za ukubwa wa kiroboto.

Angalau bomba unaliona. Kinachonikera zaidi ni sindano ya minyoo. Dawa yake, ivermektini, iliwapa wagunduzi wake Nobel mwaka 2015, na kwa macho ya binadamu iliyoyaokoa na upofu, walistahili. Ila ng'ombe akidungwa, sehemu kubwa ya dawa hiyo hutoka na kinyesi ikiwa bado na nguvu zake. Siku ya pili mnampeleka mtoni kunywa, anasimama maji yakimfika magoti, anafanya haja zake humo humo. Dawa ikibaki juu ya maji, jua huivunja upesi. Shida ni kwamba inapenda kushikamana na tope, na tope ndiko kiluwiluwi anakokwangua chakula chake kutwa. Hana magamba, ngozi yake laini, na hawezi kuhama mpaka aote miguu.

Muulize daktari wa mifugo yeyote maziwa yangoje siku ngapi baada ya dawa kabla ya kuuzwa: atakujibu papo hapo. Nyama je? Pia anajua. Mto ungoje siku ngapi? Kimya. Kwa sababu mto hauna mnunuzi anayeweza kurudisha bidhaa.

Najua mtasema maji taka ya maploti ndiyo yanayoua mto. Kweli, na hayo nayo yana siku yake. Lakini nusu pipa la maji kando ya boma, ng'ombe waliotibiwa wakanywea hapo siku zile za mwanzo, hilo halihitaji kaunti wala mfadhili. Na wewe muuzaji, kabla hujahesabu chenji, mwambie mteja asuuzie bomba wapi.